Utepe wa Mwalimu wa Netiboli

Juzi nilimpeleka binti yangu kuomba nafasi katika sekondari moja ya binafsi hapa Nchelenge, mji wetu wa kando ya ziwa. Mbele yetu kwenye kaunta alikuwapo mama muuza samaki, Mkongomani wa ng'ambo ya ziwa, na binti yake mrefu ajabu.

Mama alifungua kitambaa, akatoa ripoti ya masomo. Mwalimu aliyekuwa akipokea wanafunzi hakuisoma. Aliweka kikombe chake cha chai juu yake, akachomoa utepe wa fundi cherehani mfukoni, akampima msichana kutoka kisigino hadi utosini, kisha mikono.

"Ni ya kushona iniforme?" mama akauliza.

"Hapana, bamayo. Ni ya netiboli. Huyu mutoto tunamupokea leo leo."

Mama hakutabasamu. "Kwetu mutu banamupimaka na kamba wakati amekufa." Kisha akauliza, "Na akivunjika muguu, atabakia mu klasi?"

Mwalimu akaanza kuukunja utepe, taratibu, kana kwamba kazi hiyo inataka akili nyingi. Mama akakiondoa kikombe, akaichukua ripoti yenye duara la chai, akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Sisemi michezo ni mibaya. Kombe lao linang'aa dirishani. Mwalimu wa hesabu, nasikia, hawana tangu Pasaka.

Ikafika zamu yetu. Binti yangu anaongoza darasa kwa hesabu, ila ni mfupi. Mwalimu alimtazama mara moja, akarudisha utepe mfukoni.

"Pole, mzee," akasema. "Nafasi zimejaa."