Jino Lililochomwa

Mama alilichoma lile jino kwenye mbabula, jiko letu la makaa, kabla damu yake haijakauka. Kwetu kaskazini jino la mtu mzima halitupwi ovyo. Mchawi akiliokota, mwenyewe kwisha habari yake. Nilimwona akilisukuma katikati ya makaa kwa kijiti, na kipande cha mfupa kimeng'ang'ania mzizini. Mfupa, jamani! Wa taya ya baba yangu!

Asubuhi hiyo baba alikuwa amekwenda dispensere ya kambi ya wafanyakazi wa reli. Muuguzi alivuta, akamwekea goti kifuani, akavuta tena. Baba alirudi na jino mkononi, akalala. Baada ya siku chache taya ilivimba, ikapinda, kinywa kikagoma kufunguka. Yeye alikuwa mpiga nyundo wa reli. Mtu asiyeweza kula bukari, ugali wetu, atainua nyundo gani? Na kambini ilijulikana: huna kazi, huna nyumba.

Tukasema, waliomvunja watamtunza. Tukaenda wote kwa daktari wa kampuni, Mbelgiji, nami nimembeba mdogo wangu mgongoni. Daktari akaminya ile taya, baba akaruka kwa maumivu.

"Nani anasema ni jino?" akauliza kwa Kiswahili chake cha kuamuru. "Labda ulikunywa pombe siku ya Mungu, bakakupiga. Labda mufupa ulikuwa mubovu zamani. Leta lile jino. Kama mufupa iko juu yake, nitaamini."

Mama akainama. "Niliichoma, Bwana."

"Uliichoma? Juu ya nini? Sababu gani?"

Muuguzi alikuwa amesimama palepale. Mfupa ule aliuona kwa macho yake, akanyamaza kimya! Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Mama alifungua kinywa kueleza mambo ya wachawi. Baba akamtangulia, meno yamebanana: "Ni mimi nilimutuma."

Uongo mtupu. Daktari akaandika kwamba chanzo hakijulikani, na mwezi ule ule tulifunga mizigo tukahamia kwa shangazi, kijijini Kasomeno.

Baba aliishi miaka mingi kwa uji. Hakuwahi kumlaumu mama, hata kwa jicho. Mimi niliona ni bahati kubwa, nikamwambia mama hivyo siku moja akiukoroga uji ule. Mama hakugeuka.

"Angenipiga tu, mutoto wangu," akasema. "Angenipiga, ningepata usingizi."