Mlango wa Mjomba Edmundi

Harufu ya udongo mbichi uliopakwa ukutani bado hunirudisha Mahangwa, kijiji chetu cha kando ya Ziwa Nyasa ambacho leo hakipo. Ziwa lilipanda masika baada ya masika. Lilianza na vichanja vya kuanikia dagaa, likafuata nyumba za mbele, mwisho likaingia hadi kwenye ngazi za kanisa. Wazee wakakubali tuhamie juu, barabarani. Watu waling'oa milango na madirisha, maana mbao ni ghali, wakapanda navyo mlima, na nyumba zikabaki zimeachama kama vibogoyo.

Bibi, mzaa mama, ndiye peke yake ambaye hakuruhusu mlango wake uguswe. Mwanawe, mjomba Edmundi, alivuka kwenda Malawi na kutoka huko akaenda migodini Afrika Kusini, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni. Habari zake zilikatika. "Akishuka ufukweni akakuta magofu matupu, atajuaje kama tuko hai?" Bibi alimwambia mama. "Aone mlango, afungue, alale. Kukicha atatuulizia." Mama alichoka kubishana. Bibi akishaamua jambo, hata padri alikuwa anaaga mapema.

Basi kiangazi kile chote, kila Jumamosi, mimi na Bibi tulishuka kwenda kuikandika nyumba isiyokaliwa na mtu. Tulichimba udongo, tukaukanda kwa miguu, tukapaka ukuta na sakafu hadi viganja vikababuka. Hapakuwa na mlio wa kinu wala kelele za watoto, mawimbi tu na kware vichakani. Wenzangu walinicheka kwamba natunza nyumba ya mizimu. Mimi nilizipenda siku zile kupita kiasi, kwa kuwa Bibi alikuwa wangu mwenyewe, na mihogo aliyonichomea sikugawana na mtu.

Jumamosi moja tulikuta mlango uko wazi na moshi unatoka. Bibi aliangusha kapu. "Edmundi!" aliita, kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mtu yeyote. Wakatoka wavuvi wawili tusiowajua. Upepo wa mwera ulikuwa umewatupa pale na mtumbwi wao.

"Shikamoo, bibi. Utusamehe, tulidhani nyumba haina mwenyewe."

"Marahaba. Ina mwenyewe. Ni ya mwanangu Edmundi."

Akakaa kizingitini akalia, nami nikalia kwa sababu yeye analia. Kisha akafuta uso, akawasongea ugali. Tulipokuwa tunapanda mlima aliniambia, "Labda naye leo kuna mama amemfungulia." Tangu siku ile alikuwa akiacha kuni kavu, unga na chumvi, na mlango hakuufunga tena kwa kamba.

Miaka ikaenda, Bibi akafa, mvua zikaiangusha nyumba. Sasa ninaishi Mbinga mjini. Wanangu wako mbali, lakini simu huniambia hata walichokula mchana. Nashukuru, ila namkumbuka Bibi.

Mwaka jana nilipita pale kwa boti. Niliona matete tu. Kijana aliyeshika injini akanyoosha kidole. "Hapa panaitwa Kwa Edmundi. Ziwa likichafuka, wavuvi wote tunakimbilia hapa." Nikamtajia Mahangwa; hakuwahi kulisikia jina hilo.

"Kwani unamfahamu huyo Edmundi, mama?" akauliza.

"Ni mjomba wangu," nikamjibu. "Hajarudi bado."