Siku Bibi Alipoota Ndevu

Bibi yangu aliota ndevu Jumapili moja, baada ya misa, kabla ya chakula.

Hazikuwa ndevu za kubahatisha. Zilikuwa nyeusi, ndefu, zimechongoka, ndevu za mtu wa kupewa kiti cha mbele.

Kabla hujasema ni uongo, nina mashahidi. Wengine wako hai mpaka leo, na bado wanacheka.

Ilikuwa Gisenyi, mwaka 1999. Mimi ni Akaliza. Wakati huo nilikuwa msichana wa bweni, shule ya masista, na sikuwa na adui mwingine duniani isipokuwa impungure.

Kama hujui impungure, una bahati. Ni mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja mpaka yakachukiana. Shuleni tulikula mchana. Usiku tulikula yaliyobaki ya mchana.

Kwa hiyo nikirudi likizo, nilikuwa na ajenda moja tu: nyama.

Tatizo lilikuwa Bibi.

Bibi Mukandutiye aliishi ukimbizini Karagwe, Tanzania, tangu ujana wake. Siku ya kurudi Rwanda alibeba sufuria, mwavuli na sheria.

Sufuria ilitoboka. Mwavuli uliibiwa. Sheria ikabaki.

Sheria yenyewe: mwanamke hali mbuzi. Akila, ataota ndevu, na kichwa chake kitakuwa kigumu kama cha mbuzi.

Nilimwambia kwa adabu kuwa kichwa changu ni kigumu tayari, na mbuzi sijawahi kumwonja.

Siku hiyo nilinyimwa hata chai.

Sasa elewa mateso yangu. Nyumba yetu ilipakana na kabare, baa ndogo ambako mzee mmoja anayeitwa Mbarushimana alichoma burusheti, yaani mishikaki, kila jioni. Mbuzi, kitunguu, mafuta yanadondokea kwenye makaa, moshi unaruka ua na kuja moja kwa moja chumbani kwangu. Moshi ule haukujua sheria.

Kaka yangu Cyusa alikuwa anaruhusiwa kula. Ni mwanaume, kidevu chake hakina hatari. Alirudi kutoka kabare akinyonya kidole kimoja kimoja, polepole, kama padri anayesafisha kikombe.

"Pole dada," aliniambia. "Mi nakuonea huruma. Chukua, nusa mkono."

Nilinusa. Sina aibu. Nilinusa.

Halafu matokeo ya mtihani wa taifa yakatoka. Nimefaulu!

Baba alifurahi mpaka akasahau anaishi na nani.

"Tutafanya sherehe, mwanangu. Chagua chakula. Chochote!"

"Burusheti za mbuzi," nikasema.

Mama akaangusha mwiko.

Bibi hakuinua hata macho. "Mbuzi atachinjwa," alisema. "Wanaume watakula. Akaliza atakula sambaza."

Sina ugomvi na sambaza. Ni visamaki vitamu vya ziwa letu, ukivikaanga vinalia kama karanga. Lakini ukishamwota mbuzi muhula mzima, samaki ni matusi.

"Bibi, sherehe ni yangu!"

"Ndiyo. Na kidevu ni chako. Mimi nakilinda."

Nikaenda chumbani kutafakari kisomi.

Hoja yangu ilikuwa hivi. Bibi anaapa hajawahi kuonja mbuzi maishani. Kwa hiyo, kama Bibi ataota ndevu bila kula mbuzi, ndevu hazitokani na mbuzi. Sheria itakufa kifo cha kawaida, na mimi nitakula nyama.

Masista walinifundisha mantiki. Walichosahau kunifundisha ni hofu.

Jumapili, mbuzi aliletwa kutoka Bugeshi. Beberu mzee, uso wa hakimu, ndevu mpaka kifuani. Mbarushimana ndiye alikodiwa kumchinja na kumchoma.

"Mzee," nikamwambia, "naomba ndevu zake."

"Ndevu? We unafanya nayo nini?"

"Kazi ya shule."

"Bon." Akazikata. "Batoto ya leo banasoma mambo mingi sana."

Nikazisafisha kwa sabuni. Nikapika gundi ya unga wa muhogo, ile ile tuliyobandikia ramani darasani.

Bibi alitoka misa, akakaa kwenye kiti cha sebuleni, akalala mdomo wazi kama kawaida yake.

Nikambandika.

Zilimkaa vizuri kuliko zilivyomkaa mbuzi. Kila alipokoroma, zilitikisika kidogo, kama zinakubaliana naye.

Nikaenda uani kusubiri vishindo. Nilifikiri mtu wa kwanza kumwona angepiga kelele, sheria ife, tule.

Nilikosea. Nilisahau jinsi watu wa kwetu walivyolelewa. Hakuna mtu wa kumwambia mama mzima kuwa usoni ana kitu.

Bibi aliamka, akajifunga kitenge chake, akatoka nje na ndevu zake kusalimia wageni.

Na kwetu hatusalimiani kwa mbali. Tunakumbatiana, shavu kwa shavu, kushoto, kulia.

Wageni wakakumbatiana na ndevu.

Mzee mmoja zilimtekenya sikio, akafumba macho na kusema, "Amahoro, mama." Mwingine alipiga chafya, akaomba msamaha. Baba alitazama mbinguni kama anayetafuta mvua. Cyusa alijificha nyuma ya pipa, mabega yanaruka. Mbarushimana alikodoa macho mpaka safu nzima ya burusheti ikaanza kuungua.

"Mbona leo mko kimya?" Bibi akauliza. "Mtoto amefaulu au amefeli?"

Baba akamletea kiti mgeni aliyekwisha kukaa.

Ndipo akaingia Connie.

Connie ni rafiki kipenzi wa Bibi, aliyerudi kutoka Uganda. Kila Jumamosi hao wawili walivuka mpaka kwenda Goma kuombea wagonjwa. Walirudi jioni midomo inang'aa. Sisi tuliamini ni neema.

Connie alifungua mikono, akamkumbatia Bibi, kushoto, kulia. Akasita. Akarudi nyuma.

"Banange! Mukandutiye!"

Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Badala ya kushika kidevu cha Bibi, alishika chake.

Bibi akaona. Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kidevuni. Ukakuta msitu.

"Mana yanjye!" akalia. "Connie, zimeota!"

"Nilikwambia tusile mara ya pili!"

"Wewe ndiye uliyeagiza figo!"

"Na wewe ukaongeza pilipili!"

Ua mzima ukawageukia.

"Mama," Baba aliuliza kwa sauti ndogo, "Goma si mnaombea wagonjwa?"

"Tunawaombea."

"Wagonjwa gani?"

Bibi alifikiri kidogo. "Njaa nayo ni ugonjwa."

Nikageuka kumtafuta Mama, tucheke pamoja.

Mama hakuwa anacheka. Alikuwa ameshika kidevu chake.

Jirani yetu Mukarugwiza, mwimbaji wa kwaya, alikuwa ameshika chake. Shangazi Laurence alikuwa anajipapasa kwa mikono yote miwili, kama mtu aliyepoteza hereni.

Wanawake wote uani walikuwa wameshika videvu vyao. Wote! Isipokuwa mimi.

Ndugu msomaji, katika ukoo mzima, mwanamke pekee aliyetii sheria alikuwa mimi. Mimi, mtundu! Mimi niliyefukuzwa darasani mara zisizohesabika! Nilitamani kulia.

Wakati huo gundi ikachoka. Ndevu zikaachia, zikaanguka juu ya sinia la ndizi za kuchoma.

Bibi akaziokota. Akazitazama. Akazinusa.

"Akaliza."

"Abee, Bibi."

"Hii ni gundi ya muhogo?"

"Ndiyo, Bibi."

Nikajua nimekwisha. Niliangalia burusheti kwa mara ya mwisho, kama mtu anayeaga ndugu.

Bibi alikaa kwenye kigoda. Akamtazama Mama, na Mama akaangalia chini. Akamtazama Connie, na Connie akaangalia burusheti.

"Sheria hii nilipewa na mama mkwe wangu," Bibi alisema mwishowe, "siku niliyoingia nyumbani kwake. Nikiwa mdogo kama huyu. Nikaishika Rwanda, nikaivusha mpaka Karagwe, nikairudisha."

"Na yeye mwenyewe hakula mbuzi?" Baba akauliza.

"Aliapa hakula."

Bibi akazungusha zile ndevu kwenye vidole.

"Lakini ndevu alikuwa nazo."

Connie ndiye aliyeanza kucheka. Halafu Mama. Halafu Bibi mwenyewe, mpaka kitambaa kikamvuka kichwani.

"Mbarushimana!" akaita, huku anafuta machozi. "Mpe huyu mtoto burusheti. Ile iliyoungua."

"Iko tayari, mama. Na yako je?"

"Yangu weka figo."

Nilipewa ile iliyoungua. Beberu alikuwa mgumu kama kandambili. Nilitafuna, nikapumzika, nikatafuna tena. Chumvi, moshi, kitunguu kilichokauka pembeni, pilipili inayopanda puani. Mpaka leo sijala kitu kitamu kama kile. Likizo yote, nikisugua masizi ya masufuria kama adhabu, ladha ile ilikuwa bado mdomoni.

Sambaza tulimpa Cyusa.

Funzo? Ukiwekewa sheria mezani, usianze kubishana na aliyeiweka. Mtazame kwanza midomo.

Na kuhusu ndevu: leo asubuhi nimejikagua kwenye kioo. Upo unywele mmoja, mweusi, katikati ya kidevu.

Nimeung'oa, nikaenda kuagiza mbuzi.