Fundo Lililopinda Kulia

Nachisale alikuwa mtu wa kushuku tangu ujana wake. Akipewa chumvi, huionja kwanza. Akisalimiwa vizuri kupita kawaida, huuliza wanataka nini. Mume wa kwanza wa bintiye Falesi, Nachisale alimfukuza kwa sababu ya jogoo aliyepotea, na jogoo akarudi mwenyewe siku ya tatu. Wa pili alimfukuza kwa kutazama sana njia ya kwenda mjini. Katika vilima vile vya Nkhotakota mwanamume ndiye anayehamia kwa kina mke, kwa hiyo kumfukuza mkwe si kazi ngumu: ana jembe na blanketi tu, anaonyeshwa njia.

Wa tatu, Limbikani, alikuwa mpole, na upole huo ndio uliomtia Nachisale wasiwasi. Mkwe na mama mkwe pale hawasemezani hata neno mpaka kuku atoke mikononi mwa mmoja aende kwa mwenzake. Limbikani alileta kuku mara mbili. Mara zote mbili Nachisale alimtuma Falesi arudishe jibu kwamba kuku yule ana mafua. Falesi akamwambia mama yake waziwazi: huyu akiondoka, naondoka naye. Nachisale akacheka. Binti gani wa pale huacha kwao akaishi kwa wakwe?

Jambo moja ambalo hakuna aliyemtilia shaka yeye ni ustadi wake wa bangi. Kila mwaka alipanda mashina machache nyuma ya jiko, mahali ambapo askari hawafiki na majirani hujifanya hawaoni. Alipunguza majani kwa vidole, hakutaka kisu, akayaning'iniza maua kivulini mpaka vikonyo vipinde bila kukatika. Kisha aliyaviringisha ndani ya maganda ya mahindi, yakawa mfano wa magunzi, akayafunga kwa kamba ya gome na kuyafukia ardhini yaive. Alikuwa mashoto. Fundo lake lilipinda kushoto, na wanunuzi walilitambua bila kuuliza jina.

Mwaka huo mvua haikutaka kuisha. Falesi alimwambia, wakipepeta mahindi, kwamba ardhi bado ina maji mengi.

"Nani amekutuma?" Nachisale akauliza.

Falesi akaendelea kupepeta, maana kumtaja mumewe kungeharibu zaidi.

Siku ya sita tangu ayafukie, Nachisale alifukua gunzi moja alikague. Fundo lilipinda kulia. La pili, kulia. Damu ikamchemka. Alfajiri iliyofuata akajibanza nyuma ya banda la mbuzi, na kweli, Limbikani akaja na jembe, akachutama, akafukua gunzi na kuanza kulifungua. Kumsemesha ni mwiko, hivyo Nachisale aligonga sufuria mpaka kaka yake Lafukeni, mjomba mwenye dhamana ya ndoa ile, akaja mbio.

"Anatoa maua yangu anatia takataka," alimwambia. "Kumi na mawili kashayagusa. Hesabu mwenyewe."

Limbikani alikuwa amempa mama mkwe mgongo, kama inavyotakiwa. "Mjomba, yafungueni," alisema.

"Yafunguliwe kabla hayajaiva, yaharibike yote? Hicho ndicho anachotaka. Mwambie njia ni ile."

Lafukeni alijaribu kumtuliza, akashindwa. Limbikani akachukua jembe na blanketi. Falesi naye akatoka, sufuria kichwani, mkeka kwapani. Nachisale alidhani anatishiwa tu. Falesi hakugeuka nyuma hata mara moja.

Magunzi kumi na mawili yakarudishwa kwenye shimo alimoyaweka Limbikani, yangoje hukumu, na yale kumi na manane yasiyoguswa yakabaki palepale. Wiki mbili baadaye Lafukeni akaja yafunguliwe. Nachisale alitaka waanze na ya fundo la kushoto, ili kaka yake aone kwanza bangi nzuri ilivyo. La kwanza lilikuwa na ukungu mweupe. La pili lilichuruzika maji meusi. Kufika la saba Lafukeni alikuwa ameziba pua.

Wakafukua ya fundo la kulia. Chini ya shimo Limbikani alikuwa ametandika majivu makavu, ambayo hakuna aliyeyaona yalipofukiwa tena. Maganda ya zamani yalikuwa yamebadilishwa, na ndani maua yote yamo, ya kahawia, yananata, yananukia. Nachisale alitafuta takataka kwa vidole, gunzi baada ya gunzi, mpaka la kumi na mbili.

"Labda ndiye aliyeyaloanisha yangu," alisema.

Lafukeni akamwonyesha majivu yale shimoni. Ng'ambo ya ua, mlango wa Falesi ulikuwa umefungwa kwa kamba, na aibu ikamshika Nachisale mpaka akakaa chini.

Kesho yake alimkamata kuku, akamfunga miguu, akaenda kijijini kwa kina Limbikani, mwendo wa nusu siku, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. Limbikani alipomwona alikimbilia nyuma ya ghala la mahindi, kwa adabu. Falesi alikuwa anatwanga, na hakuacha kutwanga. Nachisale akasimama akizungumza na ghala.

"Mkwe, magunzi yangu yalikuwa yanaoza. Kwa nini hukuniambia?"

Mchi ukatulia. Kisha sauti ambayo haikuwahi kumwelekea yeye ikatoka nyuma ya ghala, taratibu, bila hasira.

"Ningekuambiaje, mama?"

Nachisale alichutama, akamfungua kuku miguu, akamsukuma apite upande wa pili.

"Hana mafua," alisema. "Nimemchunguza mwenyewe."