Fundi wa Buhongwa na Jiwe la Mama

Fundi wa Buhongwa haanzi na boneti. Kwanza anajifuta mikono, kidole kimoja kimoja, kama aliyekaribishwa mezani, kisha analizunguka gari akiyabonyeza matairi na kuyasemesha kwa sauti ya chini. Kokulinda alimtazama huku akilalamika: mbona gari lake linakunywa mafuta kuliko karatasi za kiwanda zilivyoahidi?

"Dada, kule walilipima ndani ya chumba. Mlima hamna, foleni hamna, mzigo hamna. Wewe kila siku unapandisha Mkolani!" Akayajaza matairi, akafungua buti na kuanza kushusha: mikungu ya ndizi, madumu ya maji, kiti kibovu. Chini kabisa mkono wake ukagusa jiwe la kusagia, limeviringishwa kwenye kanga.

"La mama," Kokulinda alisema. "Nilitoka nalo Bukoba baada ya mazishi. Kulishusha ndani, bado sijaweza."

"Pole sana, dada." Fundi akajifuta mikono upya, kidole kimoja kimoja, ndipo akalifunika jiwe vizuri na kulisogeza mahali lisipogongwa. Akafunga buti taratibu.

"Hili tuliache. Mafuta ya kulibeba hili hayapotei."