Kitanda cha Mwamu cha Kupigia Gofu

Asubuhi ya harusi moja huko Mambrui, nikiwa mtoto bado, nilimwona bwana harusi akitoka chumbani na kikoi kimefungwa upande, anamtafuta baba yangu. Hakuwa akimtafuta amshukuru. Baba alikuwa fundi wa kuwamba vitanda vya kamba, na kitanda cha harusi ile alikiwamba yeye. Bwana harusi alikuwa mchuuzi wa chumvi, mtu mnene asiye na shingo, kichwa kimewekwa tu juu ya mabega kama nazi juu ya gunia.

"Kitanda chako kimelegea," akasema, mbele ya watu waliokuwa wakinywa chai na mahamri. "Nimeamka mgongo u sakafuni."

Baba hakuweka kikombe chini. "Kitanda hakina neno. Wewe ulijitupa katikati peke yako. Kitanda cha harusi ni cha watu wawili, bwana, ukikijaza wewe mwenzio alale wapi, darini?"

Watu walicheka mpaka bibi mmoja akajimwagia chai. Somo wa bibi harusi, yaani kungwi aliyemfunda, mama wa miraba minne mwenye ulimi wa kiwembe, akatoa kichwa dirishani akasema kitanda alikikalia yeye mwenyewe na hakikulalamika, basi apimwe bwana harusi. Yule bwana hakusikia. Kitanda, kitanda, kitanda. Baba akaingia akakaza kamba. Kesho yake kimekaza mno, kinamrusha. Baba akalegeza. Siku iliyofuata kinampigia kelele. Mwisho bibi harusi akasema nyuma ya pazia, "Baba, nenda zako nyumbani. Hata akilala chini ataisingizia sakafu."

Sijui kwa nini nimeanza na mchuuzi wa chumvi. Amekufa zamani, Mungu amrehemu, na alifia juu ya godoro. Nadhani ni kwa sababu ya kunepa. Mimi shule niliishia darasa la tatu, siku mwalimu aliponiambia nikakae nje, na nikakaa nje mpaka leo. Nilichojifunza nilijifunza kwa baba, na alichonifundisha ni hicho kimoja: kamba ikubali mtu akilala, irudi mahali pake akiondoka. Huko ndiko kunepa. Isiponepa umemtengenezea mtu meza. Ikinepa isirudi umemchimbia kaburi.

Kazi hiyo ilinilisha mpaka magodoro ya sponji yalipoingia kila nyumba. Baadaye nikawa nawamba vitanda vya mahoteli ya Watamu, vya kuwekwa mapokezini. Hakuna anayevilalia. Wageni huweka mabegi juu yake wakapiga picha. Mkono hata hivyo haukusahau, na mwamu wangu alilijua hilo.

Mwamu wangu ni kaka yake mke wangu. Alifanya kazi za ofisini bara miaka mingi, akastaafu, akarudi Malindi na tumbo, kofia nyeupe, na maradhi yanayoitwa gofu. Mimi gofu nilikuwa nikiiona kwenye televisheni ya kinyozi. Mtu anapiga kimpira kwa nguvu zake zote, kisha anatembea jua kali kwenda kukitafuta. Nilimwuliza siku ya kwanza, "Kwani hamna mbwa?" Alinuna wiki nzima. Ule mfuko wake wa fimbo umeegemea ukuta nyuma yangu hapa ninapoandika, na kuku mmoja ameanza kutagia ndani.

Jumamosi alikuwa akicheza huko upande wa Kilifi na wastaafu wenzake. Siku nyingine alifanyia mazoezi nyumbani kwake, ambako ua wote umepigwa saruji, kwa sababu aliporudi aliapa hatakanyaga tope tena. Alitandika kipande chembamba cha raba juu ya saruji akapiga hapo kila siku. Na hapo alikuwa simba. Nimemwona kwa macho yangu: mpira ulitoka pale ukiimba. Akienda uwanjani, kwenye nyasi, mpira hauendi. Akirudi ana sababu. Leo nyasi zimelowa, leo upepo wa kusi umekaza, leo kunguru alilia wakati amenyanyua fimbo.

"Kunguru wa Kilifi wana chuki na watu wa Malindi," akaniambia, na hakuwa akifanya mzaha.

Basi alasiri moja akaingia kwangu ameshika kiwiko cha kushoto kama mtu aliyebeba yai.

"Mwamu, nimekufa."

"Maiti gani ajitembezaye mwenyewe? Kaa."

Akakaa. Kiwiko kilikuwa kimeanza kumuuma kidogo kidogo, sasa hata kikombe hakishiki. Daktari amemwambia ni ile saruji, kila pigo linapanda na fimbo mpaka mfupani. Atafute mahali laini pa kupigia au aache gofu. Na kulikuwa na hakimu mstaafu, mwenziwe wa mchezo, wanacheza wawili wawili. Hakimu amemwambia wazi: baada ya mfungo kuna mashindano ya klabu, ukipona na kushika mkono vizuri tutaingia pamoja, usipopona namchukua yule daktari wa meno.

"Daktari wa meno!" Mwamu alilitamka kama mtu aliyeambiwa mkewe anaposwa. "Mwamu, mimi tangu nistaafu nina Jumamosi tu. Siku nyingine zote nangojea Jumamosi."

Hapo nilimhurumia, ingawa sikumwonyesha.

"Si upige mchangani? Malindi nzima ni mchanga."

"Mchanga unaimeza fimbo. Nataka kitu kama ardhi yenye nyasi. Kigumu ukikikanyaga, laini ukikipiga, na kisikuumize."

"Wataka mke."

"Nawasikia!" akasema mke wangu kutoka jikoni.

Mwamu alikuwa ameviona kwenye simu, vitanda hivyo vya kupigia gofu, vinanepa. Lakini vya kuagiza vingefika mashindano yamekwisha. "Wewe ulikuwa ukiwamba vitanda," akasema. "Niwambie kitanda cha mpira."

Tukaamua kiwe kwangu, kwa kuwa ua wangu ni wa udongo. Tukapata wavu mkuukuu kwa wavuvi wa Sabaki, tukautundika kati ya minazi miwili uzuie mipira. Ulikuwa bado una magamba ya samaki. Paka wa mtaa mzima wakahamia.

Kitanda cha kwanza nilikifanya kama nijuavyo. Nilitoa kitanda kibovu nyuma ya nyumba, nikakata matendegu yakabaki mafupi kama vidole, nikawamba kamba mpya, juu yake mkeka wa ukindu uliokunjwa, juu yake zulia la plastiki la kijani, lile linalotandikwa mbele ya maduka. Kilipendeza. Mwamu akavaa glavu, akaweka mpira. Mpira ukabingirika mpaka katikati. Akauweka tena. Ukabingirika tena.

"Mbona kuna shimo?"

"Hapo ndipo kiuno hukaa," nikasema, na ndipo nilipojisikia. Mkono wangu ulikuwa umewamba kitanda cha kulala. Umemwachia mpira mahali pa kiuno.

Akapiga hivyo hivyo. Kitanda kikalia kama ngoma, fimbo ikaruka ikapita karibu na sikio lake, mpira ukaenda juu moja kwa moja ukaanguka kwenye mabati ya jirani. Mke wangu akatoka na mwiko. "Nyinyi wawili," akasema, "mjukuu wenu akifanya hivyo mwamchapa."

Nikaona kamba peke yake haitoshi, lazima kuwe na kitu cha kujaza kinachokubali pigo. Baba alikuwa akisifu usumba, zile nyuzi za makumbi ya nazi. Nikaenda Dabaso kwa mama mmoja anayefukia makumbi kwenye tope la hori ya Mida, anayakandamiza kwa mawe, anayaacha miezi, kisha anayatoa na kuyaponda kwa rungu mpaka nyuzi zinabaki peke yake. Nilimkuta magoti matopeni.

"Haya hayajaiva," akasema.

"Si ya kula, mama."

"Hata ya kulalia bado. Yatanuka."

"Ni ya kupigia mpira."

Akanyoosha mgongo akanitazama. "Nani huyo anayepiga mpira juu ya makumbi?"

"Mwamu wangu."

"Mpe pole. Ana muda gani akiwa hivyo?"

Nilikuwa na haraka, mfungo ulikuwa umeshaanza, nikayachukua mabichi. Nikayaponda mwenyewe kwa mchi wa kutwangia, jambo ambalo mke wangu amelisoma hapa sasa hivi na tumegombana. Nikayajaza guniani, nikashona, nikatandika zulia. Siku ya pili jua lilipowaka, ua wangu ukanuka kama Mida maji yakitoka. Nzi hawakuja mmoja mmoja, walikuja kama waliotumiwa barua. Jirani akapiga hodi akauliza kwa adabu kama tumefiwa. Mwamu akafunga pua kwa kitambaa akapiga, na maji ya tope yakaruka yakamchora suruali nyeupe kuanzia goti kwenda juu.

"Hebu niulize," akasema, anajitazama. "Mimi na wewe tuna ugomvi wowote wa zamani?"

"Ulinipinga nisimwoe dada yako."

"Naona nilikuwa sahihi."

Cha tatu nilikifanya kwa kiburi, nakiri. Nilirudi Dabaso, nikachukua usumba ulioiva wa shimo jingine, mama yule akacheka peke yake wakati wote akinifungia. Nikachana matyubu ya lori yakawa mikanda, nikayawamba kwenye fremu ya chini, sawasawa kila mahali, bila pahali pa kiuno. Juu nikaweka usumba nikaushona kama godoro jembamba, kisha zulia. Nikakibonyeza kwa goti. Kikanepa, kikarudi. Nilitamani baba angekuwepo, ijapokuwa angeuliza huyo mgonjwa anayelazwa hapo ana urefu gani.

Mwamu akapiga. Fimbo ikazama, zulia likabonyea, mpira ukatoka kama mzee anayetoka msikitini, ukafika chini ya wavu ukatulia.

"Kiwiko?" nikauliza.

Akakunja mkono, akakunjua. Uso ukamfunguka. "Hakisemi kitu. Wallahi hakisemi kitu!"

"Na mpira?"

"Mpira, kosa ni la kitanda chako. Kimelegea, kinaivuta fimbo."

Nikakaza mikanda. Kesho yake akasema sasa kinavuta zaidi. Nikalegeza. Akasema usumba ni mwingi. Nikapunguza, akasema ni kidogo. Alikuja kila alasiri, akipiga mpaka karibu na futari, na kiwiko kilipona mbele ya macho yetu, akawa anashika kikombe, anashika mtungi, lakini mpira haukwenda. Mimi niliamini kosa ni langu. Nilifumua kitanda kile mpaka vidole vikaota malengelenge. Siku moja kwa hasira alikwenda kwake akapiga mpira mmoja juu ya saruji, nami nipo. Ukaondoka ukiimba kama zamani. Naye akalia kama mbuzi, akashika kiwiko.

"Umeona?" akasema huku machozi yanamtoka. "Mpigo ninao. Kilichobaki ni kitanda chako."

Nikarudi nikafumua tena.

Mfungo ukaisha, Idi ikapita, pilau tukala. Hakimu akapiga simu anataka jibu, jina la mwenziwe lipelekwe klabuni. Mwamu akaja kwangu mapema kuliko kawaida yake, akavua kanzu akaitundika, akabaki na fulana. Akapiga mfululizo. Mpira unatoka, unafika chini ya wavu, paka anaunusa, anaondoka.

"Ngoja," nikamwambia, "nigeuze zulia. Limechakaa, huenda ndilo linalokushika."

"Limechakaa wapi?"

Nikamwonyesha. Palikuwa na alama pana, majani ya plastiki yamelala na kukatika, na katikati usumba umeanza kuchungulia. Mwamu akachuchumaa, na magoti yake yakalia. Akachukua mpira akauweka mahali pake pa kila siku, pale nilipodondosha tone la chokaa asipapoteze. Akaweka kiganja kati ya mpira na ile alama iliyokuwa nyuma yake. Kiganja kikaenea hapo chote.

"Mwamu, hii alama ni ya nini?"

"Ndipo fimbo inapotua."

"Kila siku?"

"Kila siku. Ingekuwa inatua kila mahali, zulia lote lingechakaa."

Akaipapasa ile alama kama mtu anayepapasa kidonda cha mwenziwe. "Basi naipiga ardhi kwanza," akasema polepole. "Mpira nauparamia baadaye. Kule kwangu fimbo ilikuwa ikidunda kwenye saruji, ikateleza ikaufikia, nikajiona fundi. Kumbe nilikuwa nikipiga saruji. Kiwiko kilikuwa kinaniambia."

Nikaokota mpira, nikaufuta kwa kikoi.

"Na zile nyasi za Kilifi," akasema.

"Nyasi ni nyasi, mwamu."

"Na kunguru."

Simu yake ikalia. Akaitazama, nami nikaona kwa uso wake ni hakimu. Akaiacha ilie mpaka ikachoka. Kisha akasimama, akashika goti moja kwanza halafu la pili, akaegemeza fimbo kwenye mnazi. Akavua glavu akaiweka juu ya kitanda, akaipangusa mchanga, akaisawazisha vidole. Akachukua kanzu yake kwenye kamba ya nguo.

"Kaka, chai i tayari!" mke wangu akaita kutoka jikoni. "Na mahamri yana moto!"

"Naja," akasema.

Akatoka langoni na kanzu begani, akaelekea upande wa barabara kubwa. Hakurudi, hata kuufuata mfuko wake wa fimbo.