Mkate wa Kwanza Huliwa na Mpishi

Siku yangu ya kwanza jikoni Korogwe sikupewa kisu wala chungu. Reli ilikuwa imefika pale kutoka Tanga, na kambi ya wajenzi ilikuwa karibu na mto, upande wa Korogwe ya zamani. Nilikuwa mtu mzima mwenye mke na migomba yangu huko milimani Usambara. Nyapara mmoja wa reli alikuwa amekula mikate yangu gulioni, akanichukua. Mpishi Mkuu, Mzigua mfupi mwenye sauti ya kukwaruza, alinipokea kwa kuushika mmoja wa mikate hiyo.

“Ndani mna nini?”

“Maharage, mzee.”

“Nami nitajuaje?”

“Si nimekwambia?”

“Mshambaa wewe una maneno. Basi ule kwanza, nikuone.”

Nikaumega, nikala. Hapo ndipo aliponifundisha kanuni ya jiko lake: mkate wa kwanza huliwa na mpishi, mbele ya walaji wote, kabla mtu mwingine hajapokea wake. Niliona ni mbwembwe za mzee. Ilinichukua muda kuelewa.

Vijana wa leo mnaodhani mkate ni ule wa dukani, niwaeleze. Sisi tulitwanga ndizi mbivu, tukazikanda pamoja na unga wa mahindi na mafuta kidogo, tukatia machicha ya pombe ya miwa ili donge liumuke. Unalitandaza kiganjani, unaweka cha kujaza, unafunga kingo kwa vidole. Kisha unaliviringisha katika jani la mgomba lililopitishwa motoni likalainika, unalipanga chunguni, unapalia makaa, yaani unaweka makaa juu ya kifuniko pia, ili mkate uive juu na chini. Ukipalia kwa pupa, jani linaungua na ndani bado uji.

Kazi ngumu ilikuwa cha kujaza. Sisi Washambaa tulitaka maharage. Wazigua wa bondeni walitaka kunde, au samaki wa mtoni aliyekaushwa. Wambugu, wafugaji wa kule kwetu milimani, samaki hawamgusi. Ukiwapa wanalala njaa na kesho hawakusalimii. Waislamu waliuliza nyama kachinja nani. Wakristo wa misheni hawakuuliza, ila walinung’unika kwa niaba ya wote. Ugali na pure ya mahindi na maharage mtu anaviona sahanini. Mkate wa kujaza hauonekani ndani, na anayeula anamwamini aliyeufunga. Ndiyo maana mpishi alianza kuula yeye.

Kutoka Korogwe nilipelekwa Handeni kuwapikia watengenezaji wa barabara, chini ya Bwana Barabara, Mjerumani mpole aliyependa mikate ya kunde kuliko chakula chake mwenyewe. Handeni maji ni ya shida, nikajifunza kukanda donge kwa maji ya kikombe kimoja. Miaka mitatu baadaye nilirudi bondeni, safari hii mimi ndiye mpishi mkuu, katika shamba la mkonge ambalo sitalitaja jina. Msimamizi wa shamba lile hakuwa mpole.

Mvua moja kubwa ilikata njia, magari ya ng’ombe yakakwama, na kwa siku mbili watu hawakupata unga. Siku ya tatu unga ukafika, pamoja na debe la mafuta meupe kutoka stoo. Mafuta yetu ya nazi yalikuwa yamekwisha. Sikuuliza, nilikanda. Mikate ilipokuwa motoni akaja mpishi wa nyumba ya Msimamizi, akalitazama debe, akaninong’oneza kwamba ni mafuta ya nguruwe.

Nilikwenda kwa Msimamizi mbio, nikamweleza. Hakuinua hata macho.

“Wape.”

“Bwana, wengi wao ni Waislamu. Na mimi pia.”

“Ndani hakuonekani. Wakikataa kula kesho hawakati mkonge, na wewe utapigwa hamsa ishirini.”

Viboko ishirini na vitano nilivijua kwa kuviona migongoni mwa watu. Nilirudi jikoni. Mstari wa mbele walikuwa watu wa kijiji cha Kang’ata na nyapara wao, Mhina, Mzigua, mtani wangu, mtu wa swala tano. Macho yao yalikuwa yameingia ndani kwa njaa. Nikachukua mkate wa kwanza, nikaumega, nikala mbele yao mpaka ukaisha.

“Bismillahi,” Mhina akasema, akanyoosha mkono.

Walikula wote. Wengine waliniombea dua. Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba niliwaonea huruma. Si kweli. Niliogopa kiboko. Huruma niliitafuta baadaye, nilipohitaji udhuru.

Vita vilikuja, Wajerumani wakaondoka, nami niliendelea na jiko chini ya wakubwa wengine mpaka mikono ikakataa kukanda. Siku ya kuniaga, wafanyakazi wa shamba walinisifu kwamba sijapata kumlisha mtu kwa hila. Niliona aibu mbele ya wanangu waliokuwapo. Wiki iliyofuata nilikwenda Kang’ata.

Mhina alikuwa mzee kama mimi, anapukuchua mahindi barazani. Nilimweleza yote, sikupunguza. Alipukuchua hindi zima mpaka gunzi likabaki tupu.

“Tulikuwa na siku mbili hatujala,” akasema mwishowe. “Mwenye njaa ya namna ile dini imemwekea ruhusa. Hilo unalijua?”

“Nalijua.”

“Basi ungetuambia. Angekula aliyetaka, angeacha aliyetaka, kila mtu na Mungu wake. Mimi ningekula, Mshambaa. Wallahi ningekula. Lakini ulinichagulia wewe.”

Nilimwomba radhi.

“Mimi nimekusamehe. Siwezi kukusamehe kwa niaba ya wenzangu. Wangapi wa siku ile bado wapo?”

Tukawahesabu pamoja, kijiji kwa kijiji. Tulipata kumi na mmoja.

“Basi hujastaafu bado,” akasema, akachukua hindi jingine.

Tangu hapo, kila msimu wa kiangazi nimekuwa nikitembea kwenda kuwaomba radhi. Mmoja wa karibu na Segera alinifukuza kwa fimbo, na kesho yake akamtuma mjukuu wake aniite. Mmoja alicheka mpaka akakohoa, akasema mikate ile ilikuwa mitamu kuliko yote niliyopata kumpikia. Wawili nilikuta makaburi, nikawaambia wajane wao. Wamebaki watatu. Mmoja nasikia ni mgonjwa sana, na kwake ni mwendo wa siku mbili. Nimeandika haya leo kwa sababu kesho alfajiri naondoka, na naomba nimkute.